Bei ya kiwanja ishaamua, tathmini inakuja kubariki tu

Kuna sehemu moja kwenye ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira (ile ya kupima mradi utaharibu nini kabla haujajengwa) huwa naikimbilia kabla ya zote, yaani utangulizi siusomi, sura ya mvua na joto siisomi, naenda moja kwa moja kwenye njia mbadala. Pale ndo mwenye mradi anatakiwa aeleze alifikiria nini kingine kabla ya kuchagua hicho alichochagua, na mojawapo ya hizo njia ni kutojenga kabisa, eneo libaki lilivyo. Kwenye ripoti za miradi ya majumba nilizosoma za hapa Dar hiyo ya kutojenga inapewa aya moja, na aya yenyewe unaona kabisa imehamishwa toka ripoti ya mradi mwingine: mradi usipofanyika ajira zitapotea, serikali itakosa kodi, na ardhi itaendelea kukaa bila kutumika. Imeisha hiyo. Baada ya hapo tunahamia kwenye idadi ya maegesho na ukubwa wa tanki la majitaka.

Sasa nenda kwenye hiyo ardhi inayokaa bila kutumika, ila nenda asubuhi ya bamvua maji yamekupwa mpaka kule mbali. Utakuta kinamama wameinama kwenye miamba na ndoo zao wanatafuta pweza na kombe, ngalawa zimelala ubavu, mtu anashona nyavu, mwingine anakalafati dau lake, wachuuzi wamekaa na mabeseni wanasubiri mzigo, mama wa chai na vitumbua ana benchi lake, watoto wanapiga mpira wa mchangani. Nyuma kidogo chini ya mkwaju kuna makaburi matatu manne hayana jina wala saruji na kila mtu wa pale anajua ni ya nani. Ukija saa nane mchana na gari la kiyoyozi, maji yamejaa, watu wamerudi kulala, utapiga picha ya mchanga na vichaka na utaandika eneo halina matumizi, na kwa macho yako wala hujadanganya.

Naandika hii kwasababu mapendekezo ya apatimenti, hoteli na vimji vya kisasa vya ufukweni yamekuwa mengi pande zote mbili za mji, huku Mbezi Beach, Kunduchi, Ununio mpaka Mbweni, na kule Kigamboni kuanzia Mjimwema kuteremka mpaka Kimbiji, na kila likija pendekezo jipya ugomvi unakuwa uleule. Mmoja anasema acheni maendeleo yaje, mwingine anasema mazingira jamani, wa tatu anasema mila zetu, wanarushiana maneno wiki mbili afu mabati yanazungushwa na kazi inaanza. Mimi naona tunagombana kwenye hatua ambayo sio yenyewe. Uamuzi wa nini kijengwe na kiasi gani unakuwa ushafanyika siku kiwanja kilipouzwa.

Fikiria tu hesabu yake. Kiwanja cha ufukweni hakiuzwi kwa bei ya minazi iliyopo, kinauzwa kwa bei ya ghorofa zinazoweza kusimama juu yake. Mnunuzi kaenda benki, au kaleta washirika, kalipa kwa mahesabu ya ghorofa kumi. Baada ya hapo ndo anaitwa mtaalamu elekezi wa mazingira aje apime kama hapo panafaa. Huyo mtaalamu akisema panafaa ghorofa tatu tu na sehemu ya mbele iachwe wazi, hajatoa ushauri wa mazingira, katangaza hasara. Na anayemlipa ni huyohuyo mwenye mradi. Ni kama kuulizia tabia za binti baada ya mahari kulipwa, kadi za mchango zimegawiwa na ukumbi umeshalipiwa, hivi nani ataleta jibu la kuvunja shughuli?

Na sio kwamba sheria haikuliona hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inasema tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza au haujagharamiwa. Kabla haujagharamiwa! Ila kwa vitendo sisi tumeamua kwamba kununua ardhi sio kugharamia mradi, ni kununua ardhi tu, japo kwenye mradi wa ufukweni ardhi inaweza kuwa gharama ambayo ndo inaamua zingine zote. Pengo liko hapo, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko mapengo yote ambayo watu wanayapigia kelele, rushwa, uzembe na kadhalika. Hata ukipata mtaalamu mwaminifu, afisa mwadilifu wa NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, na mwenyekiti wa mtaa asiyenunulika, bado wote wanakuta dau limeshawekwa.

Mikutano ya wadau nayo tunaijua. Tangazo linabandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye grupu la WhatsApp linatumwa jana yake usiku, mnakaa kwenye viti vya plastiki, anakuja kijana anaongea vizuri kweli anaonyesha picha za kompyuta zenye watu weupe wanakimbia na mbwa ufukweni (huwa najiuliza hao watu wanatoka mtaa gani), mnauliza maswali mawili matatu, ya ajira ndo yanakuwa mengi, mnasaini mahudhurio, soda, nauli kidogo, basi. Karatasi ya mahudhurio inaenda kuwekwa nyuma ya ripoti kuthibitisha kwamba jamii ilishirikishwa. Waliokuwa baharini saa hiyo hawamo. Waliohama zamani ila wazazi wao wamezikwa pale, hawamo. Na ripoti yenyewe ni ya Kiingereza mamia ya kurasa, Kiswahili kinapata muhtasari mfupi ambao kuuona kwenyewe mpaka uende kuuomba.

Twende kwenye mazingira sasa, na nitakaa sana kwenye mchanga, kwasababu Dar tuna mfano wetu hatuhitaji wa kuazima. Watu wengi wanaoshuka kituo cha Afrikana kule Mbezi Beach hawajui kwamba lile lilikuwa jina la hoteli, hoteli kubwa ya kitalii ya ufukweni enzi hizo. Bahari ilikula ufukwe wake ikaja ikala na majengo, hoteli ikafa likabaki jina la kituo. Pale Kunduchi kwenyewe bahari imekula nyumba na msikiti. Kwanini? Ule mchanga wa ufukweni hauzaliwi baharini, unaletwa na mito, Mbezi, Tegeta na vijito vingine vinavyotoka kule juu, mvua zinausukuma mpaka mdomoni afu mawimbi yanausambaza. Sasa toka miaka ya 1980 na 1990 watafiti walishasema mchanga unachimbwa mtoni kwa ajili ya ujenzi, tripu kwa tripu, kwaiyo ufukwe haupati chakula chake wakati bahari inaendelea kula kama kawaida. Hoteli zilizobaki zikajenga vizuizi vya mawe kuingia baharini ili zinase mchanga, zikanasa kweli, na jirani wa upande wa pili akakosa kabisa, naye akajenga cha kwake.

Ona mzunguko huo. Jengo linauzwa kwa sababu lina ufukwe. Linajengwa kwa mchanga uliotakiwa ukatengeneze ufukwe. Ufukwe ukianza kuisha wanajenga ukuta, ukuta unarudisha nguvu ya mawimbi inaenda kumla jirani, na mwisho wa siku ukuta mkubwa unajengwa kwa hela ya umma au ya wafadhili, kama ule wa Barabara ya Obama, sio kwa hela ya aliyeuza apatimenti. Ukiuliza kwenye ripoti mchanga utatoka wapi utaambiwa "kwa wazabuni wenye vibali". Sawa, ila mzabuni anautoa wapi? Hilo tathmini ya kiwanja kimoja haiwezi kujibu kwasababu mipaka yake inaishia kwenye fensi, wakati mto unaanzia mbali huko na ufukwe ni mmoja kuanzia Kawe mpaka Ununio. Kila mradi peke yake una athari ndogo inayoweza kudhibitiwa, ndivo wanavoandika, na inawezekana ni kweli kwa mradi mmoja mmoja. Kiwanja namba 10 kina athari ndogo, cha 11 athari ndogo, cha 12 ndogo, mwisho ufukwe hamna na hakuna ripoti hata moja iliyokosea.

Zile mita 60 mnazozisikia zipo kwenye sheria hiyohiyo ya 2004, kifungu cha 57, kwamba shughuli za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 toka ufukwe au kingo za mto. Kila mtu anaijua namba hiyo kwasababu ndo ilitumika kubomolea nyumba za watu bondeni Msimbazi mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, zile alama za X nyekundu. Chukua futi kamba utembee nayo ufukweni Mbezi Beach uone hizo mita 60 zinaishia sebuleni kwa nani. Sisemi zaidi ya hapo. Ila swali lingine la kitaalamu zaidi ni mita 60 kutoka wapi, maana kama ufukwe unarudi nyuma kila mwaka, aliyepima zamani akawa salama leo yuko ndani ya eneo la hatari bila kuhama, na tathmini inayopima mstari wa leo tu imepima kitu kitakachokuwa kimebadilika kabla jengo halijakamilika.

Mikoko naipitia haraka kwasababu hiyo watu wanaielewa. Kamba wadogo wanakulia kwenye mizizi yake, samaki hivohivo, inavunja nguvu ya mawimbi, inashika tope, na kisheria ni msitu wa hifadhi ya serikali. Kinachotokea mara nyingi hata hawaikati kwa panga. Wanajaza kifusi nyuma yake, maji ya kupwa na kujaa yanakosa njia, mikoko inakauka yenyewe, afu baada ya muda mtu anasema hapa si pamekauka, pana faida gani tena. Maji ya chini nayo vilevile, sehemu kubwa ya mji haijaungwa kwenye mfumo wa majitaka, ni shimo na gari la kunyonya, na ukanda wa pwani visima vingi vimeanza kuwa na chumvi kwasababu tunavuta maji baridi kuliko yanavorudi. Jengo la watu mia tano likichimba kisima chake kirefu, bibi wa nyumba ya tatu nyuma ndo anaanza kuonja chumvi kwenye chai. Hayumo kwenye ripoti, yuko nje ya fensi.

Sasa utamaduni. Hapa ndo ripoti nyingi zinakuwa nyepesi kabisa, unakuta sentensi moja tu, "hakuna maeneo ya urithi wa kitamaduni ndani ya eneo la mradi". Na kisheria inawezekana wako sahihi, ndo kitu cha kushangaza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Kiwe cha nyuma ya hapo, la sivyo mpaka waziri akitangaze. Haya, Sultan Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu miaka ya 1860, Boma la Kale pale karibu na bandari ni la 1866 au 1867 hivi. Maana yake ni kwamba mji wote wa Dar es Salaam, kwa umri wake peke yake, ni mdogo kuliko mstari wa sheria! Boma, makanisa ya Wajerumani, nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala zenye baraza, hakuna kinachopita kwa umri, vyote vinasubiri saini. Mlango wa kuchonga una bahati zaidi maana sheria hiyohiyo inalinda milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940, kwaiyo unaweza ukajikuta mlango unalindwa na nyumba inavunjwa.

Vya kabla ya 1863 tunavyo pia, watu wanasahau tu. Kunduchi kuna magofu, msikiti wa zamani na makaburi ya karne ya 18, yenye nguzo za mawe, yaliyokuwa yamepambwa kwa bakuli za Kichina, katikati ya mibuyu. Kule Kigamboni kuna Mbuamaji, mji wa Waswahili uliokuwepo kabla Mzizima haijawa Dar, na wenyewe una makaburi yake. Hayo yana ulinzi wa kisheria, vizuri, ila angalia namna ulinzi unavotafsiriwa: unawekwa uzio kuzunguka mawe na kibao, afu kila kitu kilichokuwa kinayapa hayo mawe maana, yaani kijiji, njia ya kwenda baharini, watu wanaokuja kuzuru na ubani wao, kinahesabiwa kiko nje ya urithi. Mji wa wavuvi na wafanyabiashara wa baharini ukishautenganisha na bahari kwa ukuta wa apatimenti sijui unahifadhi nini hasa.

Afu kuna ambavyo havina mawe kabisa. Wazaramo wana sehemu zao za kutambikia, mti fulani, mara nyingi mbuyu au mkuyu, watu wanaenda na kaniki na unga mwaka ukiwa mbaya au mtoto akiwa anaumwaumwa. Unaweza usiamini, mimi mwenyewe sijasema naamini, ila tathmini ya athari za kijamii haipo kwa ajili ya kupima kama mizimu ni ya kweli, ipo kupima watu wanapotumia hiyo sehemu inawasaidia nini na ikiondoka wataenda wapi. Mthamini wa fidia akifika anauliza mti gani. Mnazi una bei yake, mwembe una bei yake, mkorosho una bei yake, mbuyu wa tambiko unahesabiwa kwa kile ambacho soko linakijua kuhusu mibuyu, yaani karibu na bure. Na wazee hawatausema mbele ya mkutano wenye shehe, mchungaji na kijana wa projekta, wataunyamazia, na ripoti itaandika hakuna aliyetaja.

Makaburi yana sheria yake kabisa, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na nimeisoma mara nyingi kwasababu inanivutia. Inaruhusu makaburi yahamishwe kwa shughuli ya umma, inataka taarifa itolewe, na fidia yake imewekewa mpaka: gharama halisi za kufukua, kusafirisha, kuzika upya, na zile ibada au matambiko ya kutuliza wafu yanayoambatana na uhamisho. Yaani mwaka 1969 mtunga sheria alikubali kwa maandishi kwamba wafu wanaweza kuhitaji kutulizwa na kwamba hiyo ni gharama halali! Ametuzidi mbali na hizi ripoti zetu za leo. Lakini sheria hiyo ni ya ardhi inayotwaliwa kwa manufaa ya umma. Mtu binafsi akinunua shamba kwa makubaliano, makaburi ya ukoo wa mtu mwingine aliyeishi pale kabla ya muuzaji yanakuwa stori ya pembeni, labda yatazungushiwa ukuta mdogo ndani ya maegesho, labda siku moja utakuta pamewekwa bustani.

Na hapo ndo naona kosa kubwa la hizi tathmini, kugawa sura ya mazingira na sura ya utamaduni wakati kwa ukanda huu wa pwani ni kitu kimoja. Diko la wavuvi, pale wanapoegesha vyombo na kushusha samaki, ni mfano mzuri. Kimazingira lipo pale kwasababu mwamba wa baharini umeachia mlango wa vyombo kupita, maji yana kina, upepo wa kusi haulipigi vibaya. Kijamii lina wakubwa wake, lina utaratibu wa nani anatia nanga wapi na nani ananunua kwa nani, lina vijana wanaojifunza kazi, lina msiba na harusi zake. Ukimwambia mvuvi tutakujengea diko la kisasa kilomita tatu kutoka hapa, lenye jokofu na choo cha vigae, umempa jengo. Mlango wa mwamba hujauhamisha. Na kwenye fidia hayupo, kwasababu fidia ya ardhi inafuata ardhi, posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, ya kupoteza faida ambayo kwenye kanuni inapigwa kwa miezi 36, yote ya mwenye kiwanja au nyumba au biashara inayoonekana. Mvuvi hana kiwanja ufukweni. Mama wa pweza hana hata kibanda. Kile kijia cha kushukia baharini, ambacho hakuna mtu mwenye hati yake, kikizibwa, hakuna mtu aliyepoteza chochote kwa mujibu wa jedwali la fidia.

Kitu kingine ambacho hakihesabiwi ni muda, na hapa Kigamboni wana ushahidi. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya, eneo la hekta zaidi ya 6,000, kata kadhaa, watu wakaambiwa wasiendeleze. Ukiwa na nyumba imefika kwenye linta unaiacha kwenye linta. Benki haikukopeshi kwa kiwanja ambacho hakijulikani kesho. Ukitaka kuuza unauza kwa bei ya wasiwasi. Wakala wa kusimamia mji ukaundwa, miaka ikaenda, wakala ukavunjwa, mji wa kwenye picha haukuja, lililokuja ni daraja, lile la Nyerere lililofunguliwa 2016. Sasa niambie ni tathmini gani ilipima athari za mradi ambao haukujengwa? Kwenye makaratasi athari zinaanza siku greda linaingia. Kwa watu wa Kibada na Tungi zilianza siku ya tangazo, na walizilipia wenyewe.

Najua jibu linalokuja. Mji una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, miaka kumi nyuma walikuwa milioni 4.36, wataishi wapi hao, juu ya mikoko? Ni hoja ya kweli na mimi sio mtu wa kupinga ghorofa, napenda ghorofa, Dar imetambaa mpaka Kibaha na Chanika kwasababu tunajenga chini na kila mtu anataka ua. Ila tuwe wakweli, apatimenti ya mbele ya bahari hainunuliwi na yule aliyeongeza hiyo milioni moja. Huyo yupo chumba kimoja Mbagala au Gongo la Mboto. Kama ni makazi ya kubana watu vizuri katikati ya mji, mfano mmoja upo Magomeni Kota, familia 644 zilitolewa, zikasubiri miaka mingi na malalamiko mengi, mwaka 2022 nyumba zikazinduliwa na wale waliokuwepo wakarudi. Unaweza kuulaumu muda, na uulaumu kweli, lakini wakazi wa zamani walikuwa na orodha yenye idadi inayojulikana, wakaingia kwenye hesabu ya mradi wenyewe badala ya kuwa kiambatisho. Tofauti ya pale? Ardhi ilikuwa ya umma, hakukuwa na bei ya kiwanja inayodai ghorofa zake kwanza.

Na gharama ya kudharau haya mambo tunaijua kwa jina, inaitwa Jangwani, pale kwenye bonde la mto Msimbazi. Mpango mkuu wa mji wa 1979 ulishaliweka bonde la Msimbazi kuwa eneo la hatari. Tukajenga. Mafuriko ya Desemba 2011 yakaua watu, wengine wakapelekwa Mabwepande. Tukaenda tena kuweka karakana ya mabasi yaendayo kasi palepale bondeni, mabasi yakazama kwenye maji zaidi ya mara moja. (Yanga wenyewe, watoto wa Jangwani, wangeweza kutoa ushauri wa bure, uwanja wao wa Kaunda umeshageuzwa bwawa na mvua mara ngapi?) Leo kuna mradi wa kuliendeleza bonde, Benki ya Dunia peke yake ilipitisha dola milioni 200 mwaka 2022, kunyanyua daraja, kutanua mto, kuhamisha watu na kuweka bustani. Yaani tunakopa kwenda kutekeleza kitu ambacho ramani ya 1979 ilikisema bila mkopo.

Kwaiyo ningekuwa na sauti ningeacha kabisa kubishana kuhusu ubora wa ripoti moja moja. Sheria ya 2004 ina kitu kinaitwa tathmini ya mazingira kimkakati, inafanywa kwa mipango na sera, kabla ya miradi. Ifanyike kwa ukanda mzima wa pwani, Kawe mpaka Mbweni moja, Kigamboni nzima moja. Ipime mchanga kuanzia mtoni, madiko yote yaorodheshwe na vijia vyake viwekwe kwenye ramani ya mipango miji kama barabara zinavowekwa, makaburi na sehemu za matambiko ziulizwe kwa wazee majumbani kwao sio kwenye projekta, na kazi ya uwandani ifanywe bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi. Afu matokeo yake yawe masharti yaliyoandikwa kwenye ardhi kabla haijauzwa: hapa ghorofa tatu, hapa mita 60 zinahesabiwa kwa ufukwe wa miaka 30 ijayo, hapa kijia hakizibwi. Mnunuzi akijua hivo tokea mwanzo atalipa bei ya ghorofa tatu, hana hasara yoyote, aliyekosa ni dalali tu. Wawekezaji wazuri wenyewe wangeipenda hii kuliko mchezo wa sasa wa kununua gizani afu ukapambane na vibali na wanaharakati.

Najua haitakuja kesho. Wakati tunaisubiri, kwenye mkutano ujao wa wadau mtaani kwako, kabla hujauliza ajira ngapi, muulize yule kijana wa projekta kiwanja kililipiwa lini na ombi la kubadili matumizi ya ardhi limefika wapi, na mtendaji aandike hizo tarehe kwenye muhtasari juu kabisa, karibu na tarehe ya mkutano wenyewe. Wakikataa kuzitaja, hilo nalo liandikwe, ndo usaini mahudhurio.